Tabibu Aliyemtibu Bibi

Juzi nilipanda lifti ya jengo letu hapa Jumeirah Village Circle, Dubai, pamoja na watu wawili wasiojuana. Mmoja alikuwa muuguzi wa Kifilipino aliyetoka zamu, ananukia dawa ya kuoshea mikono ya hospitali. Wa pili alikuwa mzee wa Kiarabu aliyejifukiza udi mpaka kwenye soksi. Milango ilipofungwa harufu zile mbili zikachanganyika, nami nikasahau kubonyeza ghorofa yangu. Nikapelekwa juu kabisa, kwenye bwawa la kuogelea, nikasimama na mfuko wangu wa vitunguu mbele ya watoto wa watu wanaorukia maji. Harufu ile ilikuwa ya Babu yangu. Si ya maisha yake yote. Ni ya ule mwaka alipokuwa daktari na mwita roho kwa pamoja, na mimi, katika nyumba nzima, ndiye peke yangu niliyeona kwamba mambo yanakwenda vizuri.

Tulikaa Rashidiya, karibu na uwanja wa ndege, katika nyumba ya ukuta mweupe na geti la kijani. Ndege zilipita juu yetu zikiwa zimeshusha magurudumu, na vikombe vya kabatini viligongana kila moja ilipopita, hata tukazoea kunyamaza kidogo katikati ya mazungumzo kisha tukaendelea. Babu alitoka Unguja akiwa kijana, akasomea udaktari Uingereza, halafu akaja kufanya kazi Dubai mpaka akastaafu. Watu wetu wa Rashidiya waliendelea kuja kupimwa presha sebuleni kwetu, nao hawakuja mikono mitupu. Nyumba yenyewe ilikuwa chini ya Shangazi Zuhura, binti yake mkubwa, mjane, mwanamke ambaye hata kuku wa kwenye friza alimwogopa. Baba na Mama walitoka asubuhi na kurudi jioni kama watu wote wa mji huu. Mimi nililelewa na Dada Neema, msichana wa kazi kutoka Korogwe, aliyewaita wakubwa madamu na sir, na mimi akaniita mama mkwe kila nilipomkera.

Na Bibi? Bibi aliugua moyo. Babu ndiye aliyeamua aende India, kama watu wetu wafanyavyo mambo yakiwa mazito, na Baba ndiye aliyempeleka. Akafia huko, akazikwa huko huko. Haya nayasema mapema ili msomaji usihangaike kama nilivyohangaika mimi, maana mimi sikuambiwa. Kwetu mtoto haambiwi kifo. Hupelekwa mahali. Siku ya hitma ya kumsomea Bibi nilipelekwa na Neema kwenye jumba la maduka kutazama samaki kwenye vioo, nikanunuliwa aiskrimu, kisha nikanunuliwa nyingine bila kuomba, jambo ambalo lingepaswa kunishtua. Tuliporudi nyumba ilinuka ubani, na masufuria makubwa ya kuazima yalikuwa yameinamishwa uani yakauke.

"Bibi yupo India, anatibiwa," Shangazi akaniambia, macho mekundu. "Muombee dua."

Nikamuombea. Nadhani Shangazi alikusudia kunieleza baadaye. Baba alidhani nimeshaelezwa na Mama, Mama alidhani kazi hiyo ni ya Shangazi, na Neema alikuwa amekatazwa kufungua kinywa. Mambo ya nyumba yetu yote yalikwenda hivyo, kila mtu akimwachia mwenzake, mpaka siku zikapita na ikawa aibu kuanza. Babu naye hakusema kitu. Wakati huo Babu alikuwa ameshapata mgeni.

Mgeni mwenyewe alitoka ndani ya kitabu kinene kilichochakaa pembe. Kilieleza maisha ya daktari mmoja wa Kiingereza wa enzi za Malkia Viktoria. Jina lake nilipata kulisikia, likanipita. Nyumbani kwetu aliitwa Tabibu tu. Babu alinisimulia habari zake baada ya chakula cha mchana, kipande kwa kipande, mimi nikiwa nimelala kwenye zulia na miguu juu ya kiti. Tabibu alikuwa hodari wa kazi yake katika London ile ya moshi wa makaa. Aliwatibu matajiri asubuhi na maskini jioni. Kisha akafiwa na mkewe, na dawa zote alizozijua zikawa hazimfai yeye mwenyewe kitu. Ndipo akaanza kwenda kwenye nyumba za watu waliokaa gizani, wameshikana mikono kuzunguka meza, wakiwauliza wafu maswali na kusubiri meza ijibu kwa kugonga.

"Wenziwe hawakumcheka?" nikamuuliza Babu.

"Walimcheka sana. Wagonjwa wakamkimbia. Lakini Tabibu hakuwa mjinga, mwanangu. Alikuwa akipima. Alimfunga nyuzi yule mwanamke aliyekuwa akiwaita wafu, aone kama atafurukuta. Alimwaga unga sakafuni aone nyayo. Tabibu anasema, kitu ambacho hakikupimwa usikikubali wala usikikatae."

Hivyo ndivyo Babu alivyomzungumza siku zote, kama mtu aliyempigia simu asubuhi ile. Tabibu anasema hivi, Tabibu hakubali vile. Sasa mtoto wa darasa la pili atajuaje kwamba mtu huyo ameoza zamani? Mimi nilimwona mtu mzima mwenye ndevu na koti zito, mwenye joto lake na shida zake, anayeishi mahali. Na siku moja Babu akaniambia anaishi wapi. Alisema kwamba Tabibu alichoka na zile meza za London. Akaingia katika elimu mpya waliyoiita Theosofia, ya watu waliosema dini zote zina kisima kimoja na kwamba wako walimu waliojificha milimani wanaojua siri za uhai na mauti. Akauza nyumba yake, akapanda meli, akaenda kuwatafuta.

"Akaenda wapi?"

"India."

"India ile ile?"

"Kwani ziko ngapi?" Babu akacheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka tangu Bibi aondoke.

Basi kwangu mimi kesi ilikwisha hapo. Bibi yuko India anatibiwa. Babu ana rafiki daktari, hodari, anayepima kila kitu, na rafiki huyo yuko India. Anayemtibu Bibi ni nani kama si yeye? Sikumuuliza mtu. Mtu haulizi jambo analolijua. Nililala usingizi mzuri usiku ule, nikimwona Tabibu na koti lake akimwambia Bibi atoe ulimi.

Tangu hapo nilielewa kila kitu vibaya, na kwa furaha kubwa. Mchana nyumba ilipolala, Babu alifunga mapazia ya majlisi, chumba chetu cha wageni, akavuta meza ndogo ya mviringo ya kuwekea kahawa, akaweka mikono juu yake. Alikuwa amefukiza udi kidogo, kwa sababu Bibi aliupenda, na mikono yake aliiosha kwanza kwa dawa ya hospitali mpaka vidoleni, kama mtu anayekwenda kupasua. Kisha alivaa stetoskopu masikioni na kuiweka ile sahani yake ya chuma juu ya mbao. Sijui kama Tabibu mwenyewe alipata kufanya hivyo. Nadhani hili lilikuwa la Babu peke yake. Daktari aliyesikiliza vifua vya watu maisha yake yote hakujua njia nyingine ya kusikiliza.

"Mama Zuhura," aliita polepole. "Upo?"

Mimi nilijua anapiga simu India. Simu nyingine zote za nyumba yetu zilikuwa hivyo hivyo, upo, unanisikia, mbona sauti inakatika. Tulisikiliza. Ndege ikapita, meza ikatetemeka.

"Hiyo ndege," alisema Babu. "Haihesabiwi."

Kitu kikagonga, ko ko ko. "Huyo Neema anaponda thomu. Hahesabiwi." Ukaja mvumo wa chini chini. "Pampu ya maji." Baadaye mlio kama wa kidole kwenye glasi. "Friji." Alivitoa vyote, kimoja kimoja, kwa haki, kama Tabibu wake alivyomfundisha. Hakujidanganya, nami leo namheshimu kwa hilo kuliko kwa lolote.

"Sasa Bibi ni ipi?" nikamuuliza.

"Ile itakayobaki."

Haikubaki. Siku nyingine alipokwama alizungumza Kiingereza, kwa sauti ya mwanafunzi anayemsemesha mwalimu, akimwomba Tabibu amwelekeze. Nikajua anauliza hali ya mgonjwa. Nilikaa kimya kwa adabu, kama unavyokaa kimya wakubwa wakizungumza na daktari. Kuna mara aliniambia kwamba wale walimu wa milimani walikuwa wakipeleka barua zao bila posta. Barua zilidondoka tu kutoka darini. Tangu siku hiyo sikuondoa macho kwenye tundu la AC la chumbani kwangu. Nilimwambia Neema alisafishe, barua ya Bibi isije ikachafuka.

"Mtoto wewe," Neema akasema, ameshika kitambaa, amenitazama muda mrefu. "Mimi siku moja nitasema, nifukuzwe tu nirudi Korogwe." Nikamwambia asiseme kwa sababu nilitaka barua ije kwa ghafla.

Mara moja tu lilitokea jambo. Ilikuwa Ijumaa, Neema yuko uani anaanika, ndege zimetulia, na stetoskopu ilikuwa masikioni mwangu mimi. Meza ikagonga. Si mtetemo, kugonga hasa, mara mbili, karibu sana, kama mtu anayegonga mlango wa chumba anachojua kuna aliyelala. Nikamwambia Babu. Akanivua stetoskopu taratibu, akavaa, akasikiliza mpaka adhana ya alasiri. "Pengine ni mbao," akasema. "Imesinyaa kwa baridi ya AC." Lakini stetoskopu hakuivua. Mimi sasa ni mtu mzima, nina meza, nina AC, na sijapata kusikia mbao ikigonga vile. Sisemi ilikuwa nini. Sijui nisemeje.

Wakati mimi nafurahi, nyumba ilikuwa inaungua. Babu alikonda. Biriani aliisukuma pembeni, akitaka chai ya maziwa na mkate mkavu tu. Alianza kufunga tai ndani ya nyumba, katika joto lile. Watu waliokuja kupimwa presha waliambiwa amelala. Baba alisema ni utu uzima unamwingia akilini, na kwamba apelekwe kwa daktari wa ubongo. Shangazi hakukubali. Alikuwa amemsikia mlangoni akizungumza Kiingereza na mtu asiyekuwepo, na alikuwa na hoja yake, ambayo mpaka leo naiona imenyooka kuliko ya Baba.

"Waliokufa wapo barzakhi," alimwambia Baba mezani, nami nikichezea ukoko wangu. "Hawaitiki kwenye meza ya kahawa. Sasa kama anaita na kitu kinamwitika, anayeitika si marehemu. Ni jini. Na kama anazungumza naye Kizungu, anafunga tai, anakunywa chai bila sukari, basi ni jini la Kizungu. Baba kapandwa. Hilo Mzungu la kitabuni ndilo lililompanda."

"Dada, sisi tuko Dubai," Baba akasema.

"Kwani majini yanaomba viza?"

Baba akarudi kwenye sahani yake, kwa kuwa hakuna mtu aliyepata kumshinda Shangazi mezani. Lakini niliona jinsi alivyoshika kijiko. Alikuwa ameshampoteza mmoja, nami sikujua, na sasa alikuwa anamtazama wa pili akiondoka kwa miguu yake.

Shangazi akampata mwanamke mmoja wa kwetu aliyekuwa akiishi Ajman, fundi wa kupunga, anayejua kuzungumza na pepo na kuwaomba watoke. Sote tulimwita Bi Fundi. Alikuwa mnene, mpole, amevaa miwani, na alikuja na begi la magurudumu kama la safari. Akauliza maswali ya kitaalamu. Jini ni la kabila gani? Linapenda nini? Kwetu pepo hafukuzwi na njaa. Huandaliwa sinia la vitu avipendavyo, akala, akaheshimiwa, ndipo huombwa aende zake. Wa Kiarabu anajulikana sinia lake, wa Kibuki, yule wa kutoka Madagaska, anajulikana kinywaji chake.

"Wazungu n'meshawapunga," Bi Fundi akasema, anapangusa miwani. "Lakini daktari sijampata bado. Daktari anakula nini?"

Ndipo Shangazi akanigeukia mimi.

"Wewe ndiye unayekaa naye. Huyo Mzungu wenu anapenda nini?"

Siwezi kueleza furaha ile. Nilisikia jambo moja tu, kwamba Tabibu anaandaliwa chakula. Kama anaandaliwa chakula, anakuja. Na daktari akitoka India kuja kwetu Rashidiya, anakuja na nani? Nikasema anapenda chai ya maziwa kwenye kikombe cha maua. Anapenda biskuti za krimu, samaki wa kopo, yai la kuchemsha, jemu ya machungwa. Nusu ya vitu hivyo nilivitoa kichwani mwangu. Tukaenda supamaketi mimi na Neema na orodha ya pepo, tukasukuma toroli. Nikamwambia Neema atie na unga wa mkate wa kumimina.

"Mzungu anakula mkate wa kumimina?"

"Si wa Mzungu, wa Bibi."

Neema akasimama katikati ya njia ya biskuti, toroli la watu likamgonga kisigino, wala hakugeuka. Kisha akautia unga torolini bila kunitazama. Usiku alikuwa amepika mkate ule, na nilimwona anautoa huku analia, nikadhani ni moshi.

Ilikuwa Alhamisi baada ya alasiri, Baba na Mama wako kazini. Kule Unguja mambo haya yana ngoma, lakini hapa jirani akisikia ngoma ataita polisi, basi Shangazi akafungulia televisheni kwa sauti kubwa, kipindi cha mapishi cha Kiarabu, na Bi Fundi akapiga makofi ya viganja vitupu. Neema alileta sinia mpaka mlangoni, akagota.

"Mimi nimeokoka, madamu. Sinia nimebeba. Humo ndani siingii."

Nilishangaa kwamba Babu alikubali. Alikaa juu ya mkeka, tai shingoni, stetoskopu juu ya tai, kwa utulivu wa mtu anayesubiri zamu yake hospitali. Baadaye sana nilifahamu. Mtu aliyesema usikatae kitu ambacho hujakipima asingeweza kukataa kupimwa yeye. Na pengine alimhurumia binti yake. Shangazi alitaka nitoke, Babu akasema, "Mtoto akae. Yeye anamjua Tabibu kuliko nyinyi." Nikakaa karibu na sinia, nimevaa gauni langu la Idi, macho mlangoni.

Wakamfunika Babu shuka jeupe. Moshi wa udi na ubani ukaingia chini ya shuka, na kwa mbali ile dawa yake ya mikono. Bi Fundi akasoma, akapiga makofi, akainama mbele ya shuka.

"Ewe Tabibu wa Kizungu. Tumekupokea. Chai yako hii, mkate wako huu, samaki wako huyu. Umekula, umekunywa, umeheshimiwa. Sasa mwache mzee wa watu. Huna deni naye. Ondoka uende zako kwenu, wala usirudi. Yalla."

Nikadhani sikusikia vizuri. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi. "Ondoka. Wala usirudi."

Nikaona Tabibu, amesafiri mbali, amefika mlangoni na koti lake na Bibi amemshika mkono, na watu wangu wanamtimua na chai hajainywa. Nikaruka, nikalikumbatia sinia, chai ikanimwagikia gauni.

"Asiondoke," nikasema. "Asiondoke, Bi Fundi. Akiondoka nani atamtibu Bibi?"

Makofi yakakoma. Kwenye televisheni mpishi aliendelea kueleza habari za kitunguu. Shangazi akafunika mdomo kwa kanga. Shuka likatikisika, likashuka, na uso wa Babu ukatokea, umelowa jasho.

"Unasema nini, mwanangu?"

"Si yupo India? Si wewe umesema Tabibu yupo India? Bibi naye yupo India anatibiwa. Sasa mkimfukuza yeye atabaki na nani?" Nilikuwa naanza kulia kwa hasira, kwa sababu wote walikuwa wakinitazama kama niliyevunja kitu.

Babu akamgeukia Shangazi. "Hamkumwambia?"

"Sisi tulidhani..." Shangazi akasema, asimalize. "Baba, nilidhani wewe. Wewe ndiye unayekaa naye."

Babu aliuvua ule mpira wa stetoskopu shingoni, akailegeza na tai. Akanitolea mkono, akanikalisha mbele yake, magoti yangu yakigusa yake, macho sawa kwa sawa. Nimekuja kujua kwamba hivyo ndivyo alivyokaa na watu hospitali alipokuwa na neno la kuwaambia. Mimi nilidhani anataka kunipima.

"Bibi yako alikwenda India moyo wake mbovu," akasema. "Madaktari wa kule walifanya kazi yao. Mimi ndiye niliyeamua apelekwe kwao. Moyo ukasimama, wakauamsha, ukasimama tena." Midomo yake ilijaribu jambo, ikashindwa, ikajaribu tena. "Amekufa, mwanangu. Bibi yako amekufa. Kazikwa kule."

Ni yeye, mtu mzima, daktari, aliyezika wangapi. Miezi yote ile alikuwa amemwita, amemsikiliza kwenye mbao, amempigania na ndege na pampu za maji, lakini neno lile hakuwa amelitamka, si kwangu, si kwa mtu yeyote. Nililiona likimtoka. Machozi yakamfuata, mengi, ya mtu asiyejua kulia, yakapita kwenye ndevu zake nyeupe.

Bi Fundi alikuwa akimtazama kwa makini kupitia miwani yake. Akainua kidole.

"Huyo," akasema. "Katoka."

"Alhamdulillahi," Shangazi akajibu, naye analia. Shangazi aliamini hivyo mpaka alipoingia kaburini, kwamba Mzungu alitoka siku ile kwa machozi, na mimi sikuwahi kupata hoja ya kumshinda.

Mimi nilikuwa bado kwenye hesabu zangu.

"Na Tabibu alikuwa wapi?" nikamuuliza Babu. "Mbona hakumponesha?"

"Tabibu kafa zamani, mwanangu. Kafa kabla mimi sijazaliwa."

"Kwa hiyo hakumtibu."

"Hakumtibu."

"Hata hakumjua?"

"Hata hakumjua."

Hapo ndipo nilipolia hasa. Bibi sikuweza kumfikia, alikuwa jambo kubwa mno, sikujua lishikwe wapi. Lakini yule mzee mwenye koti zito nilikuwa nimemweka kando ya kitanda miezi yote ile, nimemwamini, nimemnunulia biskuti, na sasa sikuwa naye tena, na kitanda kile kilikuwa hakina mtu kando yake. Nililia kwa sauti mpaka Neema, aliyeokoka, akaingia ndani ya moshi akasimama nyuma yangu.

"Unamlilia nani?" Babu akaniuliza.

"Tabibu."

Shangazi akataka kunikaripia. Babu akamzuia kwa mkono, akanivuta kifuani kwake, kwenye tai iliyolegea.

"Mlilie," akasema. "Mimi n'tamlilia Bibi yako. Tukichoka tutabadilishana."